Siku Triko Langu Lilipokauka

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyotoka nje miguu mitupu, ukungu ungali umeukalia mlima wa Nyamitaba, nikaenda kupapasa triko langu, sweta langu la sufu, kwenye majani kama mtu anayempapasa mgonjwa kuona kama ana homa. Lilikuwa kavu. Nikakaa chini palepale. Usidhani ni furaha iliyonikalisha. Kukauka kwa triko lile kulikuwa na maana moja tu: nilipaswa kuondoka nyumbani.

Lakini naona nimeanza katikati. Ngoja nirudi nyuma, kwa sababu ni wewe uliyenikumbusha mambo haya.

Juma lililopita ulinitumia ujumbe. Najua ulipanda mpaka kule juu kwenye mikaratusi ambako simu inapata rezo, yaani mtandao, na najua ulirudi umelowa. Uliandika: “Papa Safari, nimepata nafasi ya kufundisha kule Itebero. Lakini niko nangoja kwanza Mungu anionyeshe.” Nikasoma, nikacheka peke yangu. Feza, mke wangu, akaniuliza nacheka nini, nikampa simu. Alicheka zaidi yangu, akaanza kukohoa, akasema: “Muandikie habari ya triko. Umuandikie yote, usijipake mafuta.”

Basi sijipaki mafuta. Jina langu ni Safari, na sidhani kama kuna jina lililowahi kubandikwa kwa mtu asiyelistahili kuliko hili. Mama alinizaa njiani akitoka sokoni, watu wakaona vyema niitwe hivyo. Baada ya safari hiyo moja, ambayo hata sikuulizwa kama naitaka, sikufanya nyingine. Nilifika miaka ishirini na mitatu bila kulala nje ya kitanda changu. Shule ya sekondari ilikuwa chini ya mlima wetu. Nilipopata diploma nilipanda nayo nyumbani, nikaitundika ukutani juu ya kitanda, nikalala chini yake. Vijana wenzangu niliokuwa naimba nao katika korali walikuwa wakiniuliza: “Safari, safari ya leo inafika wapi? Mu kitanda ao mu jikoni?” Nami nilikuwa najibu kwa heshima kwamba inategemea kama maharage yameiva.

Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni Shangazi Riziki, dada ya baba yangu, mjane mfupi mwenye sauti nene. Hakusoma hata darasa moja, na alikuwa akilima huku anaongea. Mtu asiyemjua angedhani kuna jirani upande wa pili wa migomba. “Papa Mungu, mvua ya jana ilikuwa mingi, angalia vile udongo imeshuka. Na huyu Safari wako, nimufanye nini? Anakula sawa watu wawili.” Kisha alikuwa anafanya jambo ambalo kwa miaka mingi sikulielewa. Aliegemea mpini wa jembe, akanyamaza kabisa. Akikaa hivyo kidogo, alitikisa kichwa, wakati mwingine akacheka, akaendelea kulima.

Siku moja nikamuuliza kama mgongo unamuuma.

“Mugongo iko muzima,” alisema. “Niko namuachia Yeye pia aseme. Wewe ukienda kusalimia muntu, unasema weye mwenyewe mpaka unarudi?”

Mimi nilikuwa na dini ya namna nyingine. Nilikuwa na kaye, daftari la jalada la kijani, na biki mbili za kuandikia, moja nyekundu, moja bluu. Kwa bluu niliandika maombi yangu. Nyekundu niliiweka tayari kwa majibu ya Mungu. Mwaka mzima biki nyekundu haikupungua wino hata kidogo, nami nilidhani ni Mungu aliyechelewa kusahihisha.

Tena nilikuwa karani wa shirika letu, yaani zile familia za mlima mmoja zinazosali pamoja kila Jumatano. Jioni moja katika shirika, mama mmoja alikuwa na huzuni kubwa, na Shangazi Riziki akamshika mkono akamwambia yale maneno ambayo kwetu tunayasema mbele ya kila shida: “Mama, Mungu iko.” Basi kijana mwenye diploma akainua kidole.

“Shangazi, samahani. Mungu ni nafsi. Tunasema ‘Mungu yuko’. ‘Iko’ ni ya nyumba, ni ya chupa.”

Shangazi aliniangalia kwa upole uliozidi, na hapo ningepaswa kuogopa.

“Asante, Papa Profesa,” alisema. “Sasa uniambie. Huyo yuko yako, iko wapi?”

“Mbinguni,” nikajibu.

“Aa. Iko mbali. Yangu iko hapa, mu maharagi.”

Walicheka mpaka yule mama mwenye huzuni naye akacheka. Na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa msichana mgeni wa korali, aliyekuja kumsaidia dada yake aliyejifungua. Alikuwa ametoka Buleusa, upande wa Walikale, na jina lake Feza. Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikampenda. Yeye alisema baadaye kwamba alinihurumia kwanza, na kwamba huruma ile haijaisha hadi leo.

Tulielewana, mwanangu, kwa muda wa msimu mmoja wa maharage. Kisha dada yake akapata nguvu, na Feza akarudi kwao. Nikawa namwandikia barua ndefu zenye aya tatu na hitimisho, kama tulivyofundishwa. Yeye alikuwa anajibu mistari minne.

Ndipo ikafika ile barua. Katekista wetu aliileta siku ya Jumapili, akitoka katika mikutano yao ya upande ule. Naikumbuka kwa kichwa: “Safari, baba amekubali kukuona. Amesema wajomba na shangazi watakuja nyuma. Kwanza uje wewe mwenyewe, kwa miguu yako, Jumapili ijayo, siku ya ibada ya mavuno. Anataka kuona kama mtu anayemtaka binti yake anaweza kumfuata mahali alipo. Usipofika, ataelewa kwamba hutaki. Na mimi nitaelewa hivyohivyo.” Basi. Hakuchora hata ua moja pembeni.

Kutoka kwetu mpaka Buleusa ni siku mbili kwa mtu anayejua kutembea. Nilikuwa na juma zima. Nilimpenda Feza, hilo sikuwa na wasiwasi nalo. Lakini upande ule wa Walikale nilikuwa nimesikia habari zake tangu utoto: miti mirefu inayoficha jua, matope yanayomvua mtu kiatu bila kumwomba ruhusa, madaraja ya gogo moja. Na mimi hata gogo la kukalia jikoni liliwahi kuniangusha.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho Mkristo mvivu anafanya akiogopa. Nilianza kusali sana.

Katekista aliponiuliza naondoka lini, nilishusha macho nikamwambia: “Niko natafuta kwanza mapenzi ya Mungu.” Jibu zuri sana hilo. Hakuna mtu anayeweza kubishana nalo. Katekista mwenyewe alinishika bega akasema nina hekima kuliko umri wangu. Shangazi alikuwa anapita na ndoo ya maji, akatoa sauti moja tu: “Mm.”

Ili kumsaidia Mungu aseme upesi, nikamchagulia na namna ya kusema. Unakijua kisa cha yule mtu wa Maandiko aliyetandaza manyoya ya kondoo uwanjani, akaomba umande uanguke pande zote, manyoya yabaki makavu. Sisi hatukuwa na kondoo. Nilikuwa na triko la sufu la rangi ya bluu, lile la shule. Nikaandika katika kaye: Bwana, kama ni mapenzi yako niende Buleusa, triko langu lilale nje, liamke kavu.

Sasa wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuelezwa. Kwetu Masisi hata jiwe linaamka limelowa. Mbuzi wetu huamka ndevu zinachuruzika. Hakuna kitu kilichowahi kulala nje Nyamitaba kikaamka kikavu tangu Mungu aumbe milima hii na kuifunika na ukungu. Nilijua. Moyoni nilijua kabisa. Nilikuwa nimemwekea Mungu mtego, nikauita imani.

Jumatatu triko lilikuwa limelowa. Jumanne limelowa. Jumatano nililikamua, likajaza kikombe. Alhamisi konokono alikuwa amelala kwenye mkono wa triko, ametulia kama mwenye nyumba. Kila asubuhi nilikuwa naingia jikoni nikiwa na uso wa huzuni takatifu, namwambia Shangazi: “Bwana bado.” Kisha naomba viazi.

Alhamisi hiyo tulikuwa tunapalilia pamoja. Feza alikuwa amebakiwa na siku tatu za kunisubiri. Shangazi akasimama, akaegemea jembe, akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko siku zote, mpaka nikamaliza mstari wangu na kurudi. Halafu akaniita.

“Safari. Ile triko yako, ikikauka utaenda?”

“Nitaenda.”

“Kweli kabisa?”

“Mbele ya Mungu, Shangazi. Ikikauka tu, naondoka saa ileile.”

“Sawa,” akasema, akainama tena kwenye maharage yake. Nami nikafurahi kwamba hatimaye ameanza kuheshimu njia zangu za kiroho.

Ndiyo tumefika sasa kwenye ile asubuhi ya Ijumaa niliyoanza nayo. Majani yote yamelowa, miguu yangu imelowa, na triko kavu kabisa, tena lina joto kidogo. Nilikaa chini. Nikafikiri: Mungu amekuja Nyamitaba, amesimama hapa kwenye uwanja wetu, ameona kaye yangu. Nikaliinua triko nikalipeleka usoni ili nilie ndani yake. Na hapo pua yangu, ambayo haikupata diploma lakini ina akili, ikaniambia jambo.

Niliingia jikoni kama askari. Shangazi alikuwa ameketi karibu na moto, ungo mapajani, anachagua maharage.

“Shangazi, hii triko iko nanuka moshi!”

“Ahaa,” alisema. “Leo umesema ‘iko’.”

“Ni wewe uliikausha!”

“Njo miye.” Alikiri bila kuinua hata macho. “Niliitoa mu majani, nikaitundika juu ya mafiga, ikakauka, nikairudisha. Sikujificha. Kama ungeamuka mbele kidogo, ungenikuta.”

“Lakini hiyo haiko alama ya Mungu! Hiyo ni alama ya Shangazi!”

“Safari,” alisema, na sasa akaweka ungo chini. “Ulimuomba Mungu akaushe triko hapa Nyamitaba. Ile kazi inaomba moto. Akaangalia mu hii nyumba nani iko na moto. Akakuta ni miye. Sasa kosa yangu iko wapi?”

Darasani hatukufundishwa jibu la swali hilo.

Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. Hakuyasema kwa ukali.

“Jana nilisimama mu shamba nikamuuliza: Papa Mungu, huyu mutoto nimufanye nini? Nikanyamaza. Sikusikia sauti, usifikiri nilisikia sauti. Nilisikia tu huruma. Huruma ya ule mutoto mwanamuke wa Buleusa, vile atasimama mu mulango siku ya dimanshi ya mavuno akiangalia njia yenye haina muntu. Na ile huruma haikuwa yangu, Safari. Miye, kwa roho yangu, ningependa ubakie. Angalia ile majani yote, nani atapalilia na miye? Njo nikajua inatoka kwake. Sababu miye peke yangu nisingeitafuta.”

Moto ukapasuka pasuka kidogo. Akaniuliza:

“Sema kweli. Uko unangoja Mungu, ao uko unaogopa matope?”

Nilitazama triko. Nilitazama mlango. Hakukuwa na mahali pa kujificha, kwa sababu nyumba yenyewe nilimokuwa najificha siku zote ndimo alimokuwa ameketi.

“Matope,” nikasema.

“Bon, sawa,” alisema Shangazi Riziki, akachukua tena ungo wake. “Sasa njo umeanza kusali.”

Saa ile ile alinifungia bugali na maharage katika majani ya mgomba. Nilivaa triko. Akanisindikiza mpaka kwenye kona, akanipaka msalaba kwenye paji la uso kwa kidole chenye majivu, akasema: “Ukikosa njia, usikimbie. Simama, unyamaze.” Kisha akarudi kupalilia peke yake, na nikamsikia tangu mbali ameanza: “Papa Mungu, sasa iko mu mikono yako. Anajua kula, hajui kutembea.”

Sitakuchosha na siku ya kwanza. Matope yalikuwa kama yalivyosimuliwa, na kwenye daraja la gogo moja nilipita nimekaa, nikijisukuma kwa makalio, huku mbuzi wa watu wakiwa wamesimama upande wa pili wakingoja nimalize. Nililala kwa Wakristo walionipokea bila kuniuliza maswali mengi.

Siku ya pili, Jumamosi, nikafika mahali njia inagawanyika mara mbili. Moja ilikuwa inapanda, nyingine inateremka. Nikachagua inayoteremka, maana niliona wazi kwamba ina kibali cha Mungu. Nilitembea vizuri, karibu asubuhi nzima. Tena nikajisifu moyoni kwamba miguu yangu sasa inaijua safari, inakwenda yenyewe.

Nikamkuta mama mmoja ameketi kando ya njia, kitunga cha mihogo mbele yake, kamba ya kubebea imelala juu. Alikuwa anangoja mtu wa kumwinulia mzigo.

“Kaka, nitwike tafazali.”

Jua lilikuwa limepanda, nami nilikuwa na Jumapili moja tu ya kuwahi. Nakuungamia, mwanangu, kile nilichosali kimoyomoyo: Bwana, niondolee vizuizi njiani. Nilimwita kizuizi, mama wa watu mwenye mihogo! Nilikuwa tayari nimeinua mguu kumpita, ndipo nikamkumbuka Shangazi na mpini wa jembe. Nikasimama. Nikanyamaza. Sikusikia neno lolote kutoka mbinguni. Nilisikia yule mama akikohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa kizito. Nikainama nikashika kitunga, nikamtwika.

“Mungu akuongezee, kaka. Unaenda wapi na hiyo haraka?”

“Natoka Nyamitaba, naenda Buleusa.”

Aliniangalia. Akaniomba nishushe kitunga tena, kwa sababu alikuwa hawezi kucheka na mzigo mgongoni.

“Buleusa? Na hii njia? Weee! Kaka, hii njia inazunguka mulima, inarudia kwenye umetoka. Uko narudi Nyamitaba!”

Ndiyo, mwanangu. Ucheke tu. Miguu yangu ilikuwa inajua njia moja duniani, njia ya nyumbani, na ilipopata nafasi iliishika bila kuniambia. Kama ningempita mama yule kwa haraka yangu takatifu, kesho yake ningekuwa nimeketi tena jikoni kwa Shangazi, na mpaka leo Feza angekuwa mke wa mtu mwenye akili.

Mama yule alikuwa anakaa juu, karibu na ile njia panda. Nikabeba kitunga chake mimi mwenyewe, kamba kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu, shingo inataka kukatika. Wasichana waliokuwa wanatoka mtoni walipiga kelele: “Njooni muone! Kumbe mwanaume naye iko na kichwa!” Nilifika juu machozi yananitoka. Mama akanionyesha njia ya kupanda, ile niliyoikataa, akanipa na muhogo wa kuchoma.

Nikaingia Buleusa Jumapili, jua limeshapita kichwani. Ibada ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wameketi nje, vikapu vya mavuno vimepangwa, wanakula. Na pale kwenye mlango wa nyumba ya tatu alikuwa amesimama Feza, anaangalia njia. Alikuwa amesimama vilevile kama Shangazi alivyosema.

“Umechelewa,” alisema.

“Nilipotea.”

“Ulipotea namna gani?”

“Nilikuwa narudi nyumbani bila kujua.”

Akaziba mdomo kwa pindo la kikwembe chake. Nikajua nimesamehewa, kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika.

Baba yake, Papa Mastaki, alikuwa mzee mrefu, mnyamavu. Hakuniangalia usoni. Aliangalia miguu yangu, matope mpaka magotini, kidole kimoja kinatoka damu. Aliiangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

“Njo wewe Safari?”

“Ni mimi, Papa.”

“Ni nani alikuleta?”

Alitaka tu kujua kama kuna mtu aliyenisindikiza, ili naye apewe chakula. Lakini mimi nilikuwa nimetayarisha hotuba. Njia nzima niliifanyia mazoezi: utangulizi, maelezo, hitimisho, Kiswahili safi chenye ‘yuko’ zote mahali pake. Nikafungua mdomo, na hotuba yote ikawa imebaki kwenye daraja la gogo. Nikamwona Shangazi na ungo wake, nikamwona mama wa mihogo, nikamwona Feza mlangoni.

“Mungu iko, Papa,” nikasema.

Mzee akatikisa kichwa polepole. Kisha akanusa.

“Na juu ya nini unanuka moshi sawa samaki?”

Basi nikawasimulia. Kaye, biki nyekundu, triko, konokono, mafiga, yote. Sikubakiza kitu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka sana kujitengeneza. Nilipomaliza niliitazama miguu yangu yenye matope. Nikafikiri: hapa ndipo ndoa yangu inapoishia. Halafu mama yake Feza akaanza kucheka, kwa sauti nyembamba, na baba mkwe akafuata, na uwanja mzima ukalipuka. Papa Mastaki alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati.

“Ule shangazi yako,” alisema alipoweza kusema, “njo nataka undugu naye. Wewe utakuja nyuma yake.”

Na ndivyo nilivyopata mke, nyuma ya shangazi yangu. Alipokuja Buleusa kwa ajili ya ndoa, alitembea siku mbili kamili bila kupotea popote, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuomba jembe ili aone udongo wao. Alikwisha kufa zamani, amelala pale juu karibu na maharage yake. Baadaye, ilipofika miaka ya vita, ambayo milima yetu ilijifunza kukimbia, mimi nilitoka nyumbani nimebeba diploma. Feza alitoka na sufuria na lile triko, kaye yangu imefungwa ndani yake. Diploma ilipotea njiani. Triko lipo, lina matundu, na wajukuu wakiwa na baridi ndilo linalotafutwa.

Sasa nakuja kwako, mwanangu, na ujumbe wako wa Itebero.

Mimi si Shangazi Riziki, na triko lako haliko juu ya mafiga yangu. Sitakuambia uende ao ubaki. Inawezekana jibu lako ni kubaki, na kubaki kunaweza kuwa utii, hilo nalisema mimi niliyebobea. Lakini muulize Mungu ukiwa mkweli. Usimchagulie mahali pa kusimama, halafu umlaumu kwamba hakusimama pale. Mwambie jina halisi la woga wako. Kama ni matope, sema matope. Sala yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa neno hilo moja, na ilisikiwa kabla sijavaa viatu.

Ukishasema, nyamaza. Nyamaza ukiwa na jembe, ukiwa na chaki, ukiwa unachagua maharage, kwa kuwa yeye hangoji upige magoti ndipo afike. Na usitegee sauti ya ajabu. Angalia huruma inayokujia ambayo hukuitafuta, hasa ile inayokugharimu starehe yako. Angalia nani amekuja kwako juma hili na ungo mkononi. Angalia nani anakuomba umtwike mzigo wakati una haraka. Mimi nilikuwa nangoja Mungu aje akiwa mkavu na msafi, naye alikuwa jikoni kwetu tangu asubuhi, ananuka moshi.

Ile kaye ninayo bado, nisikufiche. Katika ukurasa wa Ijumaa ile niliandika jibu moja kwa biki nyekundu. Ni maneno mawili, na katekista mmoja mwenye diploma aliyeyaona aliniambia kwa heshima kwamba yana kosa. Nikamwambia nalijua, lakini sitayasahihisha.

Basi Mungu wa Shangazi Riziki akae nawe katika vitu vidogo vya siku yako. Akufungue masikio wakati wa kazi, akupe mtu wa kukuambia ukweli akikupa na chakula. Miguu yako ikichukua njia isiyo yako, akuwekee mama wa mihogo kandoni, nawe usimpite. Ukienda Itebero, akutangulie kwenye matope. Ukibaki, akukute mlangoni unaangalia njia. Na asubuhi yoyote utakayokuta triko lako limekauka, linuse kwanza. Ukisikia moshi, cheka, sema asante, ulivae.

Mungu iko, mwanangu.